Mji mdogo wa ngano na watu waliofika na mbegu



Wengi wetu hapa mashariki tumekwisha kufunga mizigo usiku tukijiuliza: tubebe nini, tuache nini? Leo tunawaeleza habari za mji mdogo wa wakulima, ulio mbali sana nasi, ambao ulizaliwa kutokana na swali hilo hilo. Unaitwa Goessel, katika jimbo la Kansas, Marekani.

Kansas ya huko ni nchi tambarare. Hakuna milima kama ya Masisi au Lubero. Mashamba na majani yanaenda mpaka macho yanachoka, na upepo hauna cha kuuzuia. Goessel ina watu wasiofika 600. Jina lake ni la kapteni wa meli, Kurt von Goessel, aliyezama pamoja na meli yake Elbe mwaka 1895.

Waliofungua mashamba ya hapo ni Wamenno wa kanisa la Alexanderwohl. Waliishi kusini mwa Urusi ya zamani, katika nchi ambayo leo ni Ukraine. Imani yao iliwakataza kushika silaha. Serikali ya mfalme wa Urusi ilipoanza kuwaondolea ruhusa ya kutokwenda jeshini, karibu kanisa zima, watu kama 800, waliondoka pamoja mwaka 1874. Kampuni ya reli ya Santa Fe iliwauzia ardhi, ikawajengea nyumba ndefu ambamo jamaa nyingi zilikaa pamoja mpaka kila moja ipate makao yake.

Walibeba nini? Pamoja na Biblia na vyombo, Wamenno wa wakati ule walileta mbegu ya ngano nyekundu iitwayo Turkey Red. Wazee husimulia kwamba watoto waliichagua punje moja moja. Ngano hii hupandwa kabla ya majira ya baridi. Inaota, kisha inalala katika miezi ya baridi, na inavunwa mwezi wa sita. Baridi hiyo haiiui. Bila baridi haitoi masuke vizuri. Mbegu hiyo ilienea mpaka Kansas ikawa ghala la mkate la Marekani.

Mgeni anayefika leo ataona nini? Kuna jumba la makumbusho lenye nyumba za zamani, shule, benki ndogo na ghala la mifugo. Kuna jiwe zito la kupuria ngano, lenye meno kandokando, lililokuwa likivutwa na farasi. Kuna pia kengele kubwa iliyofumwa kwa mabua ya ngano, mfano wa Kengele ya Uhuru ya Marekani. Mwezi wa nane watu huwasha mashini za kale na kupura ngano mbele ya watoto. Mezani kuna zwieback, mikate midogo inayookwa miwili miwili, mmoja juu ya mwingine. Kanisa la Alexanderwohl lenyewe liko karibu na mji, na watu wanaendelea kukusanyika humo.

Lakini habari hii ina upande mwingine, nasi hatutauficha. Jimbo la Kansas lina jina la watu waitwao Kansa, au Kaw. Walikuwa wakiwinda nyati katika nchi hizo. Mwaka 1873, mwaka mmoja tu kabla ya Wamenno kufika, serikali iliwaondoa Wakaw katika kipande cha mwisho cha nchi yao, kaskazini-mashariki mwa mahali hapo, ikawapeleka Oklahoma. Wamenno hawakuwafukuza, na ardhi yao waliilipia. Hata hivyo, watu waliokimbia kushika silaha walipata amani katika nchi ambayo wengine walikuwa wameondolewa. Kwetu, ambako mashamba yamekuwa chanzo cha damu nyingi, neno hili si geni.

Tena, miji kama hii nayo ina mashaka yake. Zamani mavuno yalihitaji mikono ya kijiji kizima; leo mashini moja ya kuvuna inamaliza shamba kubwa kwa siku chache. Mashamba yameongezeka ukubwa, wakulima wamepungua, na vijana wengi wanafuata kazi mijini. Ndiyo sababu jumba lile la makumbusho si la kuwafurahisha wageni tu. Linawaambia watoto wa mji walikotoka.

Basi tujiulize katika vikundi vyetu, hasa sisi tuliohama Rutshuru, Djugu au Fizi. Mbegu gani tumebeba: ya shamba, ya lugha, ya imani? Nani anaifundisha kwa watoto walizaliwa kambini? Na siku tutakapopewa shamba jipya, au kurudi katika la zamani, tutamuuliza jirani nani alilima hapo kabla yetu?

Bwana awalinde wote walio njiani.