Kabla ya kuuza kiwanja: Mwanao anapotaka uzamili wa uandishi wa habari

Chukulia familia moja ya Mwanza. Binti ana miaka 27, ana shahada ya kwanza, anafanya kazi redioni na ana mtoto wa miaka mitatu. Jumapili, baada ya chakula cha mchana, anawaambia wazazi wake kuwa amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya uandishi wa habari nchini Uingereza. Nafasi anayo, ada hana. Anaomba mambo mawili: kiwanja cha familia kiuzwe, na mjukuu abaki kwa bibi yake.

Baba anauliza swali ambalo wazazi wengi wangeuliza: “Shahada si unayo tayari?” Mama hasemi kitu. Anamtazama mjukuu aliyelala mkekani.

Mazungumzo kama haya si mageni, na mara nyingi huisha vibaya kwa sababu kila upande unazungumza bila taarifa. Mzazi anaona karatasi nyingine ya kutundika ukutani. Kijana anaona mlango wa mwisho wa kutoka kwenye kazi ya malipo kidogo. Ukweli uko katikati, na unahitaji kalamu na daftari.

Sheria haidai uzamili

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba Tanzania haimlazimishi mwandishi wa habari kuwa na shahada ya uzamili. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inamtaka awe na ithibati, na kanuni zake za mwaka 2017 ziliweka stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu. Mwenye shahada ya kwanza ya fani hiyo ameshavuka hapo.

Kwa hiyo kijana akisema bila uzamili atafukuzwa kazi, mzazi ana haki ya kumuuliza hilo limeandikwa wapi.

Lakini mzazi naye asikimbilie kusema elimu hiyo haina kazi. Anayetaka kufundisha chuo kikuu hawezi kupanda kuwa mhadhiri msaidizi bila uzamili. Aliyesoma uchumi, sheria au kilimo na sasa anataka kuingia kwenye habari anaweza kuutumia kujifunza kazi bila kurudi shahada ya kwanza. Na mwandishi aliyekwisha kukaa miaka kadhaa kazini anaweza kuutumia kubobea, mfano katika habari za takwimu au za uchunguzi.

Uzamili si mmoja

Hapa ndipo familia nyingi hupotea. Upo uzamili wa kufanya kazi na upo uzamili wa kutafiti.

Mfano wa ule wa kwanza ni Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Shule yake ya uandishi wa habari ilianza mwaka 1912 kwa fedha alizoacha Joseph Pulitzer, mmiliki wa magazeti. Kozi yake kuu huchukua takriban miezi 10, na mwanafunzi hutumwa mitaani kutafuta habari, kuandika na kuhaririwa. Uingereza nako vipo vyuo vilivyojijengea jina kwa mafunzo ya namna hiyo, kama Cardiff, kilichoanza kuyatoa mwaka 1970.

Wa pili ni ule ambao mwanafunzi anasoma nadharia, anafanya utafiti na kuandika tasnifu. Uzamili wa mawasiliano ya umma unaotolewa na vyuo vingi vya Afrika Mashariki unaelemea huko. Huo unamfaa zaidi anayetaka kufundisha, kutafiti au kusimamia mawasiliano ya taasisi.

Kijana anayetaka kuwa mwandishi bora wa uchunguzi akijiandikisha kwenye kozi ya nadharia atalalamika. Na anayetaka kuwa mhadhiri akichagua ya vitendo huenda akaambiwa baadaye kuwa utafiti wake hautoshi. Swali la mzazi ni moja tu: “Ukimaliza, Jumatatu asubuhi utakuwa unafanya kazi gani?”

Karibu na nyumbani

Binti wa Mwanza anaweza asijue kuwa jibu lake lipo umbali wa nauli ya daladala. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kilichopo Nyegezi, kinatoa uzamili wa mawasiliano ya umma. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kinao kupitia Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma. Nairobi, Chuo Kikuu cha Aga Khan kimekuwa na uzamili wa uandishi wa habari za kidijitali.

Kusoma karibu kuna faida ambayo haionekani kwenye matangazo: mtu anaweza kubaki na kazi yake, akilala kwake na mtoto wake. Ubaya wake ni uchovu. Wapo wanaomaliza vipindi vya darasani wakakwama kwenye tasnifu kwa miaka, huku ada ikiendelea kudaiwa.

Fedha za wengine kabla ya za kwenu

Mikopo ya serikali nchini inalenga zaidi shahada ya kwanza, hivyo familia isiiwekee matumaini makubwa. Ila ufadhili upo. Chevening, unaotolewa na serikali ya Uingereza, hulipia mwaka mmoja wa uzamili. Unataka mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa saa 2,800, sawa na miaka miwili, na arudi kwao kwa angalau miaka miwili baada ya masomo. Kuomba ni bure. Anayedai ada ya kukujazia fomu au kukuhakikishia nafasi, mwogope.

Maombi ya ufadhili mwingi hufanywa karibu mwaka mzima kabla ya masomo. Ndiyo maana barua ya udahili iliyofika leo si lazima igeuke kiwanja kilichouzwa kesho. Vyuo vingi huruhusu mwombaji kuomba kuahirisha au kuomba tena.

Kabla ya kulipa chochote, familia iandike hesabu yote: ada, viza, bima, nauli, chumba, chakula na gharama za utafiti. Kwa chuo cha nje, iulizwe Tume ya Vyuo Vikuu kama shahada hiyo itatambuliwa nchini.

Na mtoto je?

Tangu Januari 2024, Uingereza imewazuia wanafunzi wengi wa kigeni wa uzamili wa darasani kuingia na wategemezi wao. Chevening nayo haigharamii wategemezi. Maana yake mjukuu atabaki, na kubaki kwake ni gharama pia: maziwa, shule, homa za usiku, na bibi ambaye naye ana umri na shughuli zake.

Hilo lisemwe waziwazi. Bibi aulizwe, asipangiwe. Aseme anaweza nini na kwa muda gani, na fedha za matumizi zitatoka wapi kila mwezi. Baba wa mtoto, kama yupo, aitwe kwenye kikao.

Familia ya mfano wetu inaweza kuinuka mezani ikiwa na uamuzi huu: kiwanja kibaki. Binti aandike chuoni kuomba kuahirisha, aombe ufadhili dirisha likifunguliwa, na mwaka huu atengeneze vipindi vitano vya nguvu vya kuambatisha kwenye maombi yake. Ufadhili ukikosekana, ajiandikishe Nyegezi na kulipa ada kidogo kidogo kwa mshahara wake, wazazi wakimwongezea.

Baba hajauza kiwanja wala hajakataa elimu. Na mama, ambaye hakusema kitu tangu mwanzo, anapata nafasi ya kusema: “Mwaka mmoja nitamlea. Wa pili, mwanangu, tutazungumza tena.”