Tabibu Agonga Mlango wa Chama

Ukitoka Sumbawanga kwenda Namanyere utapita Chala. Ukiugua hapa, au katika kijiji chochote cha Ufipa, utakwenda zahanati. Huko utamwona mtu aliyevaa koti jeupe. Wewe utamwita daktari. Lakini huenda yeye si daktari. Huenda ni tabibu.

Tofauti yao ni masomo. Tabibu husoma chuoni kwa miaka mitatu. Daktari husoma chuo kikuu miaka mitano, kisha hufanya kazi hospitali mwaka mmoja chini ya wakubwa wake. Akirudi tena kusoma kwa miaka kadhaa, anakuwa daktari bingwa wa macho, wa watoto, wa upasuaji au wa uzazi.

Katikati yao yupo daktari msaidizi. Huyu alianza kazi kama tabibu. Baadaye alirudi darasani miaka miwili, akajifunza hata kupasua. Mafunzo hayo yalianza nchini mwaka 1963. Tulipopata uhuru mwaka 1961, Tanganyika ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Wagonjwa wasingeweza kungoja.

Ndugu msomaji, sisi wa Ufipa tuliyajua mambo haya mapema. Adrian Atiman alizaliwa Afrika Magharibi, akauzwa utumwani akiwa mtoto. Wamisionari walimkomboa, naye akasomea uganga kisiwani Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Aliwatibu watu huko mpaka alipokufa mwaka 1956. Alikuwa katekista na mganga. Leo Sumbawanga kuna hospitali yenye jina lake.

Je, wasaidizi hawa wanafanya kazi vizuri? Watafiti walikwenda katika hospitali za Mwanza na Kigoma. Walichunguza operesheni za uzazi zaidi ya 1,000. Nyingi sana zilikuwa zimefanywa na madaktari wasaidizi. Walizilinganisha na zile za madaktari, lakini hawakuona tofauti kubwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009.

Sasa tuje kwenye vyama. Hatusemi vyama vya siasa. Madaktari bingwa wana vyama vyao, kila fani na chama chake. Humo wanakutana, wanaelezana dawa mpya na hatari mpya, na wanashauri jinsi kazi ifanywe. Mara nyingi ushauri huo ndio unaofika wilayani kama mwongozo. Tuseme basi mama ameshikwa na uchungu usiku wa masika, na mtoto amelala vibaya tumboni. Anayeshika kisu ni daktari msaidizi. Lakini mwongozo anaoufuata umeandikwa katika mkutano ambao yeye hakualikwa.

Jambo hili halipo kwetu peke yetu. Marekani ilianza kufundisha wasaidizi wa madaktari mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Duke. Wanafunzi wa kwanza walikuwa wanaume waliowahi kutibu wenzao katika jeshi la majini. Leo wasaidizi wa huko wanafanya kazi pamoja na mabingwa wa mifupa, wa moyo na wa ngozi. Wanaomba uanachama kamili katika vyama vya mabingwa hao. Vyama vingi vinawapokea kama washiriki tu. Mshiriki analipa ada na kusikiliza mkutano, lakini hapigi kura. Mkulima aliyewahi kulipa kiingilio cha ushirika anajua uchungu wa jambo hilo.

Mabingwa nao wana hoja, nayo si ya kupuuzwa. Wanasema mgonjwa akiona cheti cha chama ukutani atadhani mwenye cheti ni bingwa. Atampelekea ugonjwa asioweza kuutibu. Kwa sababu hiyo, Chuo cha Madaktari Wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini kinadai shahada ya udaktari kwa kila anayetaka kuingia. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1999, na makao yake yako Arusha.

Mimi naona cheo na sauti ni vitu viwili. Cheo cha bingwa kibaki kwa aliyekisomea. Lakini anayepasua apewe nafasi ya kujifunza, na apige kura juu ya kazi anayoifanya kwa mikono yake. Akinyimwa mafunzo mapya, anayeumia ni yule mama wa usiku wa masika.

Serikali imekwisha kupiga hatua moja. Kwa sheria ya mwaka 2017, Baraza la Madaktari Tanganyika linawasimamia madaktari na matabibu pia. Lakini baraza si chama. Baraza linatoa leseni na kumwadhibu anayekosea. Ukienda zahanati unaweza kumwuliza anayekutibu, kwa heshima, kama ni tabibu au daktari, na kama ameandikishwa na baraza. Ni haki yako kujua.