Sindano Zilizokaza Nyonga

Sisi wa pwani tukitajiwa Busia na Malaba hukumbuka malori yaendayo Uganda, au boda boda, zile baiskeli za abiria zilizoanzia huko mpakani. Mtoto akipakiwa nyuma ya baiskeli, mguu huku na mguu huku, huwezi kujua kama nyonga zake ni nzima. Mwambie achuchumae. Mwenye kasoro hatashuka ila magoti yaachane kama ya chura, na kukimbia kwake ni taabu. Angekuwa mtoto wa chuoni kwetu, kikao cha tahiyatu kingemshinda. Sheria inamruhusu asali kadiri awezavyo, lakini wenzake watamtazama.

Ugonjwa huo umeonekana sana mashariki ya Uganda, na hospitali ya Kumi, katika nchi ya Wateso, imewapasua watoto wengi wenye nao. Wateso hao ndio hao hao wa Malaba na Amukura. Mpaka umepita katikati yao.

Ni rahisi kudhani ni polio, au jicho la mtu. Asili yake kubwa huko ni sindano za kwinini walizochomwa makalioni wakiwa wadogo, kila homa ilipozuka. Dawa hiyo huunguza nyama. Ikirudiwarudiwa mahali pamoja, nyama hufa na pahala pake huota kovu gumu kama ukambaa. Mtoto hukua, mfupa hurefuka, ukambaa haurefuki. Ndiyo maana mama huiona kasoro baada ya miaka, sindano zimeshasahauliwa.

Wakandaji wetu wasikasirike: mafuta ya nazi hufaa misuli iliyochoka, lakini kovu lililokomaa halirudi kuwa nyama. Daktari huukata ukambaa ule ili magoti yapate kukutana. Kisha kazi huwa ya mzazi. Mtoto anyooshwe viungo na azoezwe kuchuchumaa kila siku, kwa majuma, alie asilie, kwani kovu jipya nalo hutaka kukaza.

Tangu 2011 Shirika la Afya Duniani limeitanguliza artesuneti mbele ya kwinini kwa watoto wenye malaria kali, na mtoto mdogo anayechomwa sindano ya msuli huchomwa pajani, mbele kwa upande wa nje. Malaria isiyo kali hutibiwa kwa vidonge. Hata hivyo wako wazazi wasiohesabu kuwa mtoto ametibiwa mpaka achomwe, nao ndio humsihi mganga wa zahanati atoe sindano.