Diskasi si mla nyama

Ukimpa diskasi moyo wa ng'ombe mtupu kila siku, atakula. Atakua upesi na mwenye tangi atajisifu kwa wageni. Kisha asubuhi moja atamkuta samaki wake kajificha pembeni, rangi imekuwa nyeusi, chakula hakigusi. Niliwahi kumpasua mmoja aliyekufa hivyo. Ini lilikuwa la rangi ya siagi, na utumbo umefunikwa mafuta meupe kama ya mbuzi aliyenona. Tangu siku hiyo sitaki kusikia kwamba diskasi ni mla nyama.

Kwao ni Amazon. Johann Jakob Heckel alimwelezea kisayansi mwaka 1840, kutokana na samaki waliokusanywa Rio Negro, mto wenye maji ya rangi ya chai. Mji wa Barcelos, ukingoni mwa mto huo, hufanya tamasha la samaki wa mapambo, na wakazi hugawanyika pande mbili: wa diskasi na wa samaki aitwaye kardinali. Sisi Watanzania tuna Kigoma, ambako samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika husafirishwa kwenda kuuzwa ng'ambo, na watoto wetu hata majina ya samaki hao hawayajui. Jambo hilo linaniuma.

Wataalamu waliochunguza matumbo ya diskasi wa mtoni walikuta mwani, masalia ya mimea iliyooza na wadudu wachache tu. Utumbo wake ni mrefu na mwembamba, mdomo mdogo. Ni wa ukoo mmoja na sato, na ukimtazama anavyopuliza mchanga kutafuta punje, undugu unauona.

Lakini mlo wake wa ajabu kuliko yote ni ule wa utotoni. Vifaranga wakishaanza kuogelea, hawaendi kutafuta chakula. Wanamkimbilia mzazi na kudonoa ute wa ngozi yake. Baba na mama wote wanautoa, tena wanapokezana: aliyechoka hujitikisa ghafla, na kundi zima linahamia ubavuni kwa mwenzake. Homoni inayohusika ni prolaktini, ile ile inayomletea mwanamke maziwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walionyesha mwaka 2010 kwamba ute huo hujaa protini na kingamwili wakati wa kulea. Kwa wiki mbili wazazi hawabanduki. Wiki ya tatu huanza kuwakimbia watoto kwa vipindi, na hapo ndipo wanapoachishwa. Mfugaji anayewatoa vifaranga mapema amewanyang'anya maziwa na chanjo kwa pamoja, na mimi naona huo ni ukatili.

Kwa hiyo mlo wa nyumbani ufuate umri. Mdogo anataka protini nyingi, kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku. Mkubwa anataka mboga zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kwa wakubwa mimi natumia nusu kamba na samaki mweupe, robo mboga (mchicha na njegere zilizomenywa), na robo tu moyo wa ng'ombe uliotolewa kila uzi wa mafuta na mishipa. Kamba na samaki nawapika kwa mvuke kwanza, kwa sababu baadhi yao wakiwa wabichi wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1. Nasaga, naongeza spirulina, ule mwani wa kijani-buluu unaomlisha heroe mdogo kwenye maziwa ya Natron na Bogoria, kisha jelatini ili visitawanyike majini. Vitamini C hutiwa mwisho, mchanganyiko ukishapoa, maana joto huiharibu. Samaki wengi, kama sisi, hawawezi kujitengenezea vitamini hiyo, na wakiikosa uti wa mgongo hupinda. Natandaza kwenye mfuko wa plastiki, mwembamba kama chapati, nachora mistari kwa rula, halafu friza. Siku ya kulisha navunja kipande kama chokoleti.

Na tafadhali, ukinunua kamba Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, chukua na vichwa na maganda. Humo ndimo mna ile rangi nyekundu inayomng'arisha diskasi, nasi tunaitupa, kisha tunanunua chakula cha kopo kutoka nje chenye rangi hiyo hiyo. Chemsha, saga, chuja, kisha tia kwenye mchanganyiko.

Mchanganyiko huu unawafaa pia samaki malaika, samaki wa dhahabu ukipunguza nyama, kamba wa tangini, konokono, hata kasa wadogo.

Kinachobaki bila kuliwa baada ya robo saa kitoe, kwa sababu kwenye maji ya nyuzi 29 nyama huoza haraka, na amonia inayotoka humo huua samaki hata kama mlo wenyewe ulikuwa bora.