Kadi Inayochomolewa na Mgonjwa Anayesubiri

Katika mashine kubwa kuliko zote za kuharakisha chembe, iliyochimbiwa chini ya ardhi mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, protoni huzunguka njia ya kilomita 27 mara 11,245 kila sekunde. Vitambuzi vipatavyo 4,000 hukaa kando ya njia hiyo vikivizia chembe zinazopotoka. Kimoja kikiona hatari, mwale wote huondolewa njiani ndani ya mizunguko mitatu hivi, yaani chini ya milisekunde 0.3. Kwa muda huo binadamu hajawahi hata kupepesa jicho, sembuse kubonyeza kitufe.

Kazi hiyo ya kupima, kuamua na kuzima hufanywa na kadi za kielektroniki zilizochomekwa kwenye makasha ya chuma, safu kwa safu. Hii inasoma joto la sumaku, ile inapima mkondo wa chembe, nyingine inafungua na kufunga vali. Vyombo vya habari hupenda kutangaza chembe mpya. Kwa maoni yangu, makasha haya yasiyosifiwa na mtu yanatuhusu zaidi, maana ndugu mdogo wa mashine ile yumo katika hospitali zetu.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, maabara nyingi za fizikia zilijiundia vifaa kwa vipimo vyao zenyewe. Kifaa cha hapa hakikuingia kwenye fremu ya jirani, wala umeme wake haukulingana, na fundi aliyekiunda akihama, ujuzi nao ulihama. Mwaka 1964 maabara za Marekani zikakubaliana juu ya umbo moja la kifaa, umeme wake na soketi yake. Mwaka 1969 wenzao wa Ulaya wakatoa kanuni iliyoitwa CAMAC: kasha lenye nafasi 25 na njia ya pamoja ya kupeleka data kwenye kompyuta. Tangu hapo kadi za watengenezaji mbalimbali zikaweza kukaa kasha moja, kama pasi na redio zinavyotumia soketi ileile ya ukutani. Kadi ikifa, fundi huichomoa, akachomeka nyingine, na kazi ikaendelea. Makasha ya leo yana kasi isiyolinganishwa na yale ya zamani, ila makubaliano ya msingi hayajabadilika.

Sasa twende wodini. Mashine ya tiba ya mionzi iitwayo LINAC huharakisha elektroni katika bomba fupi, kisha huzigonganisha na kipande cha metali ili kutoa eksirei kali zinazoelekezwa kwenye uvimbe. Dozi hupimwa wakati ikitolewa, na kipimo kilichoandikwa na daktari kikitimia mashine hujizima. Dar es Salaam zipo, Nairobi zipo, Kampala zipo. Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi hupewa dozi kwa mafungu madogo, kwa kawaida siku tano za wiki, kwa wiki kadhaa. Imethibitika kwamba matibabu ya saratani hiyo yakirefuka kupita muda uliopangwa, uwezekano wa kuushinda uvimbe hupungua. Kwa hiyo siku ambazo mashine imesimama ikingoja kadi moja kutoka ng'ambo hazimwachi mgonjwa kama alivyokuwa.

Uganda inalijua hilo kwa uchungu. Mwaka 2016 mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini, iliyotumia kobalti na ambayo ilikuwa imechoka kwa miaka mingi, iliharibika kiasi cha kutotengenezeka. Baadhi ya wagonjwa walilazimika kuvuka mpaka kwenda Nairobi. Ile haikuwa LINAC, lakini funzo la vipuri, mafundi na mashine ya akiba ni lilelile. LINAC yenyewe ina mahitaji makubwa zaidi: inataka umeme usioyumba na maji ya kupoza yasiyokatika.

Hata hivyo, tusidhani kadi nzuri na programu nzuri zinatosha. Kati ya 1985 na 1987, mashine ya tiba iitwayo Therac-25 iliwapiga wagonjwa sita nchini Marekani na Kanada kwa dozi kubwa kupindukia, na baadhi yao walikufa. Aina zilizoitangulia zilikuwa na vizuizi vya umeme na vya chuma vilivyozima mwale bila kuitegemea kompyuta. Katika hiyo mpya vizuizi viliondolewa, usalama ukaachiwa programu. Katika baadhi ya ajali, mwendeshaji aliyekosea kuchapa na kusahihisha haraka, ndani ya sekunde 8, aliiacha mashine katika hali ya hatari, na kioo kikamwonyesha namba ya hitilafu isiyo na maelezo. Ndiyo sababu kizuizi kinachojitegemea si anasa.

Kwa mwanafunzi wa uhandisi Mbeya au Eldoret kuna habari njema. Tangu 2011 ipo leseni rasmi, iliyotoka katika maabara ya fizikia ya Geneva, inayoruhusu michoro ya kadi kusomwa, kubadilishwa na kutengenezwa na yeyote anayefuata masharti yake. Michoro mingi iko wazi kwenye intaneti. Aisome, aijaribu kwenye meza ya chuo. Asidhani lakini kwamba ataichomeka kwenye LINAC ya hospitali: nyingi ya mashine hizo zimefungwa na watengenezaji wake, na kifaa chochote kinachomgusa mgonjwa lazima kipimwe na kuidhinishwa kwanza.

Wanaoandika zabuni za kununua mashine hizi ndio wenye nafasi kubwa zaidi. Kabla ya kutia saini, waulize kadi zipi zinaweza kubadilishwa na fundi wetu papa hapa, vipuri gani vitawekwa stoo tangu siku ya kwanza, mafundi wangapi watafundishwa, na muuzaji ataendelea kutoa kadi hizo kwa miaka mingapi. Majibu yaandikwe ndani ya mkataba, kando ya bei.