Ndiva ya Mafaili: Jinsi Nilivyojenga Seva Nyumbani kwa Fedha Kidogo

Katika muhula uliopita wanafunzi kadhaa waliniuliza habari za kile kikompyuta kilichofungwa kifuniko, kinachokaa juu ya rafu nyumbani kwangu na kuwaka taa ndogo ya kijani. Tena wazazi wawili waliokuja kikao cha shule waliniuliza kama ni kweli watoto wao huja kwangu kusoma vitabu bila kununua bando. Nimeona ni vema niwajibu wote pamoja katika gazeti letu, ili kila mwenye nia aweze kujitengenezea chake.

Kwanza nitaeleza sababu iliyonisukuma. Marehemu baba yangu alikuwa msimulizi mzuri. Jioni tatu mfululizo alikaa barazani akanisimulia mambo aliyoambiwa na baba yake: jinsi zamu za maji ya ndiva zilivyopangwa baina ya koo, na jinsi maelfu ya watu wa milima hii walivyoshuka Same mwezi Januari mwaka 1945 kupinga kodi ya mbiru. Mimi nilimrekodi kwa simu yangu, zaidi ya saa tatu kwa jumla. Nikajisemea kwamba nitaihamisha sauti ile siku nitakapopata nafasi. Kabla ya siku hiyo simu ilizama majini nilipokuwa navuka kijito wakati wa mvua za masika. Fundi aliifungua, akaikausha, akatikisa kichwa. Mwaka ule ule baba akafariki, na sikuwahi kumrekodi tena.

Kilichosalia ni dakika nne tu. Nilikuwa nimezituma kwa dada yangu aliyeko Same mjini, kwa kuwa alitaka kumsikia mzee anavyocheka. Dakika hizo zilipona kwa sababu zilikuwa mahali pawili. Zile saa tatu zilipotea kwa sababu zilikuwa mahali pamoja. Fundisho lote la makala hii limo katika maneno hayo.

SEVA NI NINI?

Watu wengi wakisikia neno seva hudhani ni mtambo mkubwa wa serikali au wa benki. Hakika seva ni kompyuta yoyote iliyopewa kazi ya kutunza mafaili na kuyatoa kwa kompyuta au simu nyingine zinapoyaomba. Kwetu Upare mfano wake tunao. Ndiva hukusanya maji ya kijito usiku kucha, na asubuhi hufunguliwa ili mashamba yapate maji kwa zamu. Hakuna mwenye shamba anayelazimika kuchimba bwawa lake mwenyewe. Seva nayo hukusanya mafaili mahali pamoja, na kila mtu wa nyumbani huyafikia kwa simu yake.

Tena yatupasa kufahamu kwamba seva ya nyumbani haihitaji intaneti. Ruta, yaani kile kisanduku kinachotoa waifai, huunganisha simu na seva hata kama hakuna bando hata moja. Mwanafunzi akisoma kitabu kilichomo katika seva yangu hatumii shilingi ya mtandao.

VITU NILIVYONUNUA

Nilijiwekea akiba kwa miezi minne. Hesabu yangu ilikuwa hivi:

Kompyuta ya mkononi iliyokwisha tumika, kioo chake kimepasuka: shilingi 90,000.
Diski mpya ya nje yenye ukubwa wa gigabaiti 1,000: shilingi 160,000.
Ruta iliyokwisha tumika: shilingi 25,000.
Waya wa kuunganisha ruta na kompyuta: shilingi 4,000.
Jumla: shilingi 279,000.

Mtaona kwamba fedha nyingi zilikwenda kwenye diski. Nilifanya hivyo kwa makusudi. Kompyuta ikifa nitanunua nyingine kuukuu. Diski ikifa, vilivyomo ndani vimekufa nayo. Kwa hiyo msinunue diski ya nje ya mitumba kwa ajili ya kuweka nakala, hata kama muuzaji anaapa.

Kioo kilichopasuka kilinipunguzia bei, wala hakinisumbui, kwani seva haitazamwi. Nilichagua kompyuta ya mkononi badala ya ile ya mezani kwa sababu mbili. Kwanza hula umeme kidogo. Pili ina betri yake, na umeme ukikatika ghafula haizimiki papo hapo. Kuzimika ghafula wakati faili linaandikwa huweza kuliharibu faili lile. Betri ya kwangu hudumu dakika hamsini hivi, nazo zatosha kuifunga kwa utaratibu. Lakini angalieni: betri iliyovimba ni hatari ya moto. Ukiona imevimba, iondoe, usiitumie.

Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na diski ya gigabaiti 500. Je, ni nyingi au kidogo? Tupige hesabu. Saa moja ya sauti ya mazungumzo, ikirekodiwa kwa kiasi cha kilobiti 64 kwa sekunde, huchukua megabaiti 29 hivi. Gigabaiti 500 zaweza basi kubeba saa zaidi ya 17,000. Kitabu chenye megabaiti 10 chaweza kuwekwa humo mara 50,000. Nyumba ya mwalimu haitajaza diski hiyo upesi, ila wakianza kuweka filamu.

JINSI NILIVYOIUNGANISHA

Hatua ya kwanza ilikuwa kuifuta kompyuta na kuiwekea mfumo mpya. Nilitumia Debian, ambao ni mmoja wa mifumo ya Linux. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Finland, na Debian ilianza mwaka 1993. Mfumo huu hutolewa bure na waweza kwenda vizuri katika kompyuta kuukuu. Niliupakua nilipokuwa mjini, nikaubeba katika flashi ya gigabaiti 8.

Hatua ya pili ilikuwa kuweka programu iitwayo Samba. Kazi yake ni kuziwezesha kompyuta za Windows, za Linux na simu pia kuona mafaili yaliyo katika seva kana kwamba yamo ndani yao wenyewe. Aliyeianzisha ni Andrew Tridgell wa Australia. Nayo hutolewa bure.

Hatua ya tatu, niliipa seva anwani isiyobadilika katika ruta. Nyumba isiyo na namba humchosha mgeni. Vivyo hivyo simu hupotea njia ikiwa anwani ya seva hubadilika kila siku. Kisha nikaiamuru kompyuta isilale kifuniko kinapofungwa. Jambo hilo dogo lilinipotezea jioni nzima, kwani kila nilipofunga kifuniko seva ilitoweka, nami nikadhani waya ni mbovu.

Hatua ya nne, niligawa sehemu tatu. Ya kwanza huitwa Vitabu. Kila mtu husoma, lakini hakuna awezaye kufuta. Ya pili huitwa Kazi. Humo wanafunzi huweka mazoezi yao. Ya tatu huitwa Familia, nayo ina neno la siri. Seva yenyewe hainiunganishi na ulimwengu wa nje. Sikuifungulia mlango wa intaneti, maana mlango ulio wazi huingiza wezi na virusi.

Kompyuta inaungana na ruta kwa waya, maana waya ni imara kuliko waifai. Waya wa kawaida wa megabiti 100 kwa sekunde hupitisha kama megabaiti 12 kwa sekunde, kwa kuwa baiti moja ni biti nane. Faili la megabaiti 700 huhama kwa muda wa dakika moja hivi.

NINI KIMO NDANI

Nikiwa mjini hupakua taarifa za Baraza la Mitihani zinazochambua majibu ya watahiniwa. Watoto wengi hawajui kwamba taarifa hizo zipo, nazo zaeleza wazi makosa yanayowaangusha watu katika kila swali. Nimeweka pia Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, kwa njia ya programu iitwayo Kiwix ambayo huwezesha kuisoma bila mtandao.

Wazo hili si geni katika nchi yetu. Huko Karatu, mkoa wa Arusha, shirika la Powering Potential liliweka katika shule za sekondari vikompyuta vidogo vya Raspberry Pi vinavyotumia umeme wa jua, pamoja na mkusanyo wa masomo uitwao RACHEL ambao hausomwi kwa intaneti. Vikompyuta hivyo, vilivyoanza kuuzwa mwaka 2012, hula umeme kidogo kuliko kompyuta yangu, nao wenye umeme wa jua wafikirie hicho kwanza.

UMEME

Jirani yangu, mzee mmoja mkulima wa tangawizi, alikuja akakitazama kidude changu, akasema, “Mwalimu, hiki nacho hakimalizi LUKU?” Nikamwambia, “Mzee wangu, karibu tupige hesabu.” Kompyuta na ruta pamoja hula wati 20 hivi. Zikiwaka mchana na usiku, ni wati 20 mara saa 24, sawa na 480. Mara siku 30 ni uniti 14.4. Nikaona ni nyingi. Basi huziwasha saa kumi jioni na kuzizima saa nne usiku. Saa sita kwa siku ni uniti 3.6 tu kwa mwezi. Pasi ya wati 1,000 humaliza kiasi hicho ikipigwa chini ya saa nne. Mzee akacheka, akasema kumbe nguo zake ndizo zinazomfilisi.

Radi zikianza mlimani, mimi huchomoa kila kitu ukutani, wala singoji ya pili. Tena seva isiwekwe jikoni penye moshi, wala karibu na dirisha ambamo ukungu huingia.

KOSA LANGU

Sasa nawaungamia kosa langu ili msilirudie. Kila Jumamosi seva hunakili mafaili yote katika ile diski ya nje. Mwanzoni niliiagiza ifanye nakala iwe sawasawa kabisa na asili. Mwanafunzi mmoja akafuta kwa bahati mbaya kabrasha lote la michoro ya Baiolojia, kazi ya wenzake ya muhula mzima. Sikugundua mpaka Jumatatu. Jumamosi ilikuwa imekwisha pita, na seva, kwa utiifu wake, ilikuwa imefuta na nakala pia.

Mtoto yule alilia, lakini kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimetengeneza kioo nikadhani nina akiba. Kioo huonyesha yaliyopo, na yakiondoka nacho hayamo. Tangu hapo seva hutunza nakala za majuma manne, kila moja na tarehe yake. Faili lisilobadilika haliandikwi upya, kwa hiyo nafasi haipotei sana. Mtu akifuta leo, nitalikuta katika nakala ya juma lililopita.

Tena kuna nakala ya tatu. Kila mwisho wa muhula hunakili sehemu ya Familia katika flashi kubwa na kuipeleka kwa dada yangu Same. Nyumba yangu ikiungua au ikivunjwa, diski mbili zilizo chumba kimoja zitakwenda pamoja. Kanuni nzuri ya kushika ni hii: nakala tatu, katika vyombo viwili mbalimbali, na moja iwe mbali na nyumbani.

KAZI KWENU

Asiye na shilingi 279,000 asikate tamaa. Kompyuta kuukuu ya ndugu iliyolala kabatini, na flashi mbili zinazowekwa nyumba mbili tofauti, zatosha kuanza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naona sauti za wazee wetu ni mali.

Wakati wa likizo iliyopita wanafunzi wa Kidato cha Tatu waliwaomba ruhusa babu na bibi zao wawarekodi, wengine kwa Kiswahili, wengine kwa Chasu. Walirudi na masimulizi kumi na moja. Yote yameingia sevani, na kila familia imepewa nakala yake. Bibi mmoja alieleza jinsi ndiva ya kijiji chao ilivyozibwa kwa udongo na magome, jambo ambalo baba yangu naye alinieleza katika zile saa zilizopotea. Nilisikiliza mara mbili.

Faili la kwanza kabisa katika sehemu ya Familia ni zile dakika nne. Wanangu wadogo, ambao hawamkumbuki babu yao, hulifungua wenyewe wanapotaka kumsikia akicheka. Basi, ewe msomaji, kama kuna mzee nyumbani kwako, mwombe akusimulie katika likizo hii, nawe usilale usiku huo kabla sauti yake haijawa mahali pawili.