Keja ya Kumi kwa Kumi: Hakuna Mguu Mpya Chini

Cheki hii hesabu, msee. Keja ya futi kumi kwa kumi iko na futi mia mraba. Kitanda ya nne kwa sita inakula 24. Ukijifanya sonko uweke ya tano kwa sita, 30 zimeenda, na bado hujaweka kochi, mtungi wa gesi na jerikani za maji za siku bomba zimekauka. Kila mwezi landlodi anakuitisha renti, na kenye unamlipia ni hiyo sakafu. Sasa mbona unataka kumwaga doh kwa kabati ya kuikalia?

Rieng yangu ni moja tu: hakuna mguu mpya chini. Kitu ikikaa sakafuni, ikae penye ingine ishakaa. Ikikosa hapo, ipande juu.

Anza na uvungu wa kitanda, juu hiyo nafasi ushailipia. Inua kitanda na mawe nne za mjengo, ama umwambie fundi wa chuma akuchomee miguu ndefu. Alafu shuka Kamukunji kwa wasee wa jua kali, hao hugonga masanduku za mabati zenye mamono hubeba bodo. Pima uvungu kabla utoke keja, ndio usirudi na sanduku imegoma kuingia. Huko weka vitu unashikanga mara moja moja: blanketi ya Julai, makaratasi, ndula za mvua zikishakauka. Jerikani usiwahi weka huko. Ikivuja, blanketi inaoza na hutajua hadi ianze kunuka.

Juu nako, ukuta juu ya mlango hukaa tu bure. Mbao moja ya Gikosh na vyuma mbili za kushikilia, na sufuria za wageni zimepata kwao. Lakini ongelesha keateka kwanza, juu siku ya kuhama kila shimo ya msumari inaeza katwa kwa diposti. Akikataa, tafuta hanga za kuning'iniza juu ya mlango, hazitobolangi kitu.

Sasa ngori yenyewe. Nafasi ikipatikana, takataka nayo inaskia harufu. Ile mfuko imejaa mifuko ingine nyuma ya mlango, unaiwekea nani? Na hizo mikebe za Kasuku? Moja ni ya sukari, ingine ya ndengu, sawa. Hizo ingine sita zimeshika hewa. Na usiniambie eti umeficha kila kitu nyuma ya kurtaini. Hapo umeivalisha tu nguo.

Luku ndio hujaza keja mbaya zaidi. Ukiangukia kamera safi Gikosh, ingine itoke kabla hiyo iingie. Mpe broo yako, ama utume ushago na mtu anaenda. Mali mali akipita ploti akiita, chunga: unampea jinzi mbili, anakuachia karai. Umetoa kitu inakunjika, umerudisha kitu haikunjiki. Kama karai ya kwanza bado iko fiti, mwambie zii, apite.

Na usinunue boksi ndio uanze kupanga. Panga kwanza. Mwaga kila kitu kitandani Jumapili mangware, toa za kuenda, alafu uone kama kenye kimebaki kinahitaji boksi kweli. Mara mingi utapata haikuwa form ya kununua kitu, ilikuwa form ya kutoa.

Ukihama, msee wa pikapu hukuhesabia tripu. Hapo ndio watu wengi hujua ni vitu gani walikuwa wanalipia renti bure. Piga hiyo hesabu sahii, kabla hajawasha injini.